Maumivu Yametoka, Ganzi Imebaki: Kisa cha Fundi wa Milango wa Lamu Baada ya Kupasuliwa Mgongo

Mgonjwa ni fundi wa kuchonga milango, mwanamume wa miaka 61, mkaazi wa Mkomani, Lamu. Ana kisukari cha miaka 9 anachokitibu kwa vidonge. Kwa miaka minne hakuweza kutoka nyumbani hadi msikitini bila kupumzika njiani. Akipiga hatua mia mbili hivi, mapaja hujaa uzito, mashavu ya miguu huchoma, na mguu wa kulia hufa ganzi mpaka kidole gumba. Akikaa barazani na kuinama mbele dakika mbili tatu, yote hutulia. Akisimama wima, hata bila kutembea, hurudi.

Huko kutulia kwa kuinama ndiko kulikouficha ugonjwa miaka yote hiyo. Mchonga milango hufanya kazi ameketi chini, ubao mbele yake, mgongo umepinda. Mfereji wa uti wa mgongo, ile njia ya ndani ya pingili inayopitisha mishipa ya fahamu, hupanuka kidogo mgongo unapoinama na hubana unaponyooka. Karakanani, kwa hiyo, alikuwa mzima, na ugonjwa ukimkuta njiani. Nyumbani waliamini kazi ndiyo inayompa nafuu na kwamba kutembea ndiko kunakomdhuru, wakawa wanampunguzia matembezi mwaka hadi mwaka.

Kwa mwenye kisukari ilibidi kwanza kuuliza kama shida ni mishipa ya damu iliyoziba, maana nayo huumiza miguu kwa kutembea. Tofauti iko katika kupumzika. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba hupata nafuu kwa kusimama tu alipo. Mwenye mfereji uliobana lazima akae au ainame. Mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo yalipapaswa, yakapatikana vizuri pande zote mbili. Picha ya MRI iliyopigwa Mombasa ikaonyesha mfereji umebana sana kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni: diski imetuna kwa mbele, viungo vidogo vya pingili vimevimba kwa umri, na ukano wa nyuma umekuwa mnene. Pingili hazikuwa zimeteleza, hivyo hapakuwa na haja ya vyuma. Daktari wa upasuaji aliondoa mfupa wa nyuma wa pingili na ule ukano, mishipa ikapata nafasi.

Kabla ya upasuaji nguvu ya kunyanyua mguu wa kulia kwenda juu kutoka kifundoni ilikuwa 3 kati ya 5. Maana yake, aliweza kuunyanyua mwenyewe, lakini kidole kimoja cha mtu mwingine kikiuzuia, unashuka. Nambari hiyo ndiyo itakayorudi tena na tena katika kisa hiki.

Saa tatu tofauti

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji mgonjwa alisema mchomo wa miguu umekwisha. Siku ya pili alitembea ukumbini mwa wadi. Siku ya tatu aliruhusiwa, na jamaa wakapiga simu Lamu kwamba mzee amepona.

Hapa ndipo matatizo yalipoanza, ingawa hakuna aliyeyaona. Mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu huleta mambo matatu: maumivu, udhaifu na ganzi. Kila moja lina saa yake. Maumivu ya mguu mara nyingi huondoka ndani ya saa au siku chache, kwa kuwa shinikizo limeondoka. Nguvu hurudi kwa wiki na miezi. Ganzi huwa ya mwisho, huchukua hata mwaka na zaidi, na kwa wengine sehemu yake hubaki. Kama nyuzi za mshipa ziliumia ganda lake tu, hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Kama nyuzi zenyewe zilikufa, lazima ziote upya, nazo huota kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu ni karibu mita nzima. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Karatasi aliyopewa wakati wa kutoka ilieleza vizuri mambo ya mgongo: usiiname, usibebe zaidi ya kilo 3, usijipinde, tembea kila siku, kidonda kisilowe. Kuhusu mguu wenye ganzi haikusema neno. Kwa maoni yetu hilo ndilo pengo kubwa katika kisa hiki, na ni pengo la kawaida. Mgongo unalindwa na kila mtu. Mguu usiouma hauna wa kuulinda.

Kutoka Mombasa hadi ngazi za gati

Uamuzi bora wa jamaa ulikuwa kutokimbilia nyumbani. Walimweka kwa ndugu Mombasa hadi siku ya 12, stepli za kidonda zikatolewa, kisha wakasafiri kwa gari dogo, si kwa basi. Kiti cha mbele kililazwa nyuma kiasi, mto mwembamba ukawekwa kiunoni. Kila dakika 45 gari lilisimama, akashuka na kutembea dakika 5. Katikati ya vituo alipiga pampu ya vifundo: vidole juu, vidole chini, mara 20, ili damu isigande katika mashavu ya miguu. Walilala Malindi. Kesho yake wakapita Garsen, Witu na Hindi, wakafika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, saa saba mchana.

Pale Mokowe walingoja zaidi ya saa mbili, mgonjwa amelala ubavu juu ya godoro. Sababu ni maji. Zilikuwa siku za bamvua, ambapo bahari hupwa kabisa saa nne au tano za asubuhi na hujaa kama saa kumi za jioni, na tofauti ya kimo hufika mita 3 hivi. Mtu akishukia Lamu maji yamekupwa, boti hukaa chini kabisa ya gati na ngazi za chini zina ukoga. Mgonjwa wa mgongo mwenye mguu dhaifu atalazimika kuchuchumaa, kunyanyua mguu juu sana na kuvutwa kwa mikono, mambo matatu aliyokatazwa yote kwa mpigo. Maji yakijaa, ubavu wa boti hulingana na ngazi za juu, akavuka kwa hatua moja. Asiyeweza kungoja maji na achague siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana.

Ndani ya boti walimketisha nyuma karibu na mashine, ambako mpigo wa mawimbi ni mdogo. Mbele boti hunyanyuka na kuanguka, na kila pigo huishia kiunoni. Nahodha aliombwa aende taratibu. Wakati wa kushuka, mtu mmoja alisimama juu akimpa mikono ya kushika, mwingine nyuma yake ameweka viganja kwenye nyonga. Hakuvutwa makwapa. Kutoka gatini hadi nyumbani walikataa punda, na walifanya vyema, kwa kuwa kumpanda kunataka kutanua miguu na kuruka, na mwendo wake hutikisa. Mkokoteni juu ya mawe nao hutikisa. Alitembea mwenyewe, bakora mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa mguu dhaifu, akipumzika kwenye baraza nne. Baraza yenye kimo cha sentimita 45 hivi ni kiti kizuri kwa mgongo. Punda wakija, mgonjwa aingie dakani, yaani kibarazani mwa mlango, au abane ukutani, uso ukiwaelekea. Asigeuke ghafla kuangalia nyuma.

Nyumba yenyewe

Nyumba za mawe za Lamu zina ngazi nyembamba zenye vipandio virefu visivyolingana. Familia iliandaa chumba cha chini kwa wiki sita. Alipokuwa lazima apande, alifundishwa: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu dhaifu utangulie, mkono mmoja ukutani siku zote.

Kitanda kilikuwa cha kamba, na mawambo yamelegea. Kitanda kilichobonyea humkunja mgonjwa usiku kucha na kumlazimu ajipinde kila anapogeuka. Kamba zilikazwa upya, juu yake ikawekwa mbao bapa ya milimita 18, kisha godoro gumu kiasi. Kimo kikawa sentimita 50, ili akiketi ukingoni nyayo zigote sakafu. Kuamka kwenyewe kuna utaratibu: kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo linaloviringishwa, teremsha miguu ukingoni, jisukume kwa mkono. Ukiinuka moja kwa moja kutoka chali, misuli iliyokatwa hubeba mzigo wote.

Choo cha kuchuchumaa kilikuwa shida kuliko ngazi. Kuchuchumaa hukunja kiuno mpaka mwisho, na kuinuka kutoka hapo kwa mguu wenye nguvu 3 ni kualika kuanguka. Mwanawe, naye seremala, alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kimo sentimita 45, miguu minne imetanuliwa na kuvishwa mpira chini, kikawekwa juu ya choo. Ukutani ikapigiliwa mti wa kushikia. Kazi ya nusu siku. Choo kigumu nacho kilitarajiwa, kwa sababu tramadoli, dawa yake kali ya maumivu, hufunga choo, na kujikamua huongeza shinikizo penye kidonda. Alikunywa maji lita 2 kwa siku, akala papai na mboga, akapewa dawa ya kulegeza choo tangu siku ya kwanza bila kungoja afunge. Miraa alishauriwa aiache: hufunga choo na huondoa usingizi.

Halua na kahawa vilizua mabishano. Sukari ikipanda, kidonda hupona polepole na usaha hupata nafasi. Ilipimwa kila asubuhi kabla ya kula na kuandikwa ukutani kwa chaki.

Wiki ya tatu: chumvi ya moto

Hadi siku ya 20 kila kitu kilikwenda sawa. Kidonda kikavu, matembezi dakika 10 mara nne kwa siku kando ya bahari, ambako ni tambarare. Lakini mguu ulibaki mzito na umekufa ganzi, na wageni waliokuja kumjulia hali walimsikitikia. Yeye mwenyewe alimwambia dada yake, "Dada, mguu huu hauumi, ila kama si wangu."

Dada yake alifanya analolifanya mtu yeyote mwenye mapenzi. Alikaanga chumvi, akaifunga ndani ya kipande cha leso, akamkanda mguu kabla ya kulala. Mgonjwa alisema hasikii kitu, hivyo aliiongeza moto. Asubuhi shuka ilikuwa imelowa. Juu ya mguu, mbele kidogo ya kifundo, palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi 20, limepasuka.

Mguu wenye ganzi hauna wa kupiga kelele. Ngozi huungua kwa joto lile lile, tofauti ni kwamba hakuna anayeondoa mguu. Kwa mwenye kisukari kidonda cha namna hiyo ni jambo zito, na hiki kilichukua wiki tano kufunga. Madhara hayakuishia kwenye ngozi. Mgonjwa alikuwa na splinti ya plastiki inayopita nyuma ya shavu la mguu na chini ya unyayo, kazi yake kuushika mguu usiinamishe vidole anapotembea. Mkanda wake hupita palepale penye kidonda. Splinti ikavuliwa.

Siku ya 33, akitoka chumbani na ndara miguuni, vidole vya kulia vilikwama kwenye kizingiti. Vizingiti vya milango yetu vimeinuka sentimita kadhaa kutoka sakafuni; mguu mzima huvivuka bila kufikiri. Alianguka kwa upande, akapata maumivu makali ya kiuno.

Alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na vipimo vilivyofanywa ni vile vilivyopaswa. Nguvu ya mguu ilikuwa bado 3. Alikuwa anahisi kuguswa sehemu za siri na makalio. Mkojo ulitoka kawaida. Eksirei haikuonyesha mvunjiko. Yalikuwa mashtuko ya misuli. Lakini hofu ilikuwa imeingia, na watu wa nyumbani wakamlaza kitandani siku nne mfululizo. Siku nne za kulala humpokonya mzee nguvu nyingi za mapaja. Ilimchukua wiki mbili kurejea dakika 10 zake za kutembea.

Kisha likaja la dawa. Alikuwa akitumia gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, miligramu 300 mara tatu kwa siku. Mgonjwa aliamini usingizi wa dawa hiyo ndio uliomwangusha, akaiacha yote kwa siku moja. Hakukosea kabisa: gabapentini hulevya na huyumbisha, hasa ikichanganywa na tramadoli. Alikosea namna ya kuiacha. Usiku wa pili alikosa usingizi, akatoka jasho, na mguu ukaanza kupigwa na shoti kama za umeme. Nyumbani wakasema upasuaji umeharibika. Mjukuu akatumwa duka la dawa, akarudi na vidonge vya diklofenaki, vikaongezwa juu ya ibuprofeni aliyokuwa nayo tayari.

Dawa mbili za jamii moja hazizidishi nafuu. Huzidisha madhara ya tumbo na figo, na figo za mwenye kisukari cha miaka 9 si za kuchezewa. Zote mbili zilisimamishwa. Alibaki na parasetamoli gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, na akarudishiwa gabapentini. Iliachwa baadaye kwa kupunguza kidonge kimoja cha 300 kila wiki, kuanzia cha asubuhi, cha usiku kikawa cha mwisho. Hakupata shoti tena.

Ukiutazama mnyororo huu, upasuaji haumo ndani yake. Ganzi ilichukuliwa kuwa maumivu, ikatibiwa kwa moto. Moto ukaondoa splinti. Kukosa splinti kukamwangusha. Kuanguka kukamwachisha dawa. Sentensi moja kwenye ile karatasi ingetosha: mguu wenye ganzi usikandwe kwa moto, usiwekewe chupa ya maji ya moto, usitembee peku mchangani saa sita za mchana. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Kila usiku mguu ukaguliwe juu, chini na kati ya vidole, kwa kioo kidogo kikiwekwa sakafuni.

Kukandwa hakukupigwa marufuku moja kwa moja. Baada ya wiki ya nane aliruhusiwa kukandwa mabega na mapaja kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kwa mikono laini. Kiuno chenyewe na kovu lake viliachwa hadi mwezi wa tatu, na kuumikwa mgongoni hakukuruhusiwa kabisa.

Kujenga upya

Kabla ya yote kulipatikana viatu. Ndara zilitupwa, makubadhi yakawekwa kando kwa kuwa hayashiki kisigino. Vikanunuliwa viatu vyepesi vilivyofungwa nyuma, namba moja zaidi ya kawaida ili splinti iingie. Vizingiti vitatu vya ndani vilipakwa rangi nyeupe.

Matembezi yalipangwa kwa dakika, si kwa umbali: dakika 5 mara tano kwa siku, kisha kuongeza dakika 1 kila siku mbili kwa kila safari. Lengo ni dakika 30 mara mbili kwa siku. Bila kuanguka angefika wiki ya nane. Alifika wiki ya 11. Njia ilikuwa kando ya bahari kutoka gatini kuelekea upande wa Shela na kurudi, asubuhi kabla ya jua kali. Mchanga wa pwani ya Shela alikatazwa hadi mwezi wa nne, kwa kuwa mchanga laini huzamisha vidole na kumlazimisha ajipinde kiuno kuvitoa. Kuoga baharini nako kulingoja kidonda kifunge kabisa, na kwake vidonda vilikuwa viwili.

Mazoezi ya chumbani yalikuwa machache. Kukaza tumbo la chini taratibu huku akipumua, sekunde 5, mara 10, mara tatu kwa siku. Kuketi na kuinuka barazani bila kutumia mikono, kuanzia mara 5 hadi 10. Visigino sakafuni, vidole juu, mara 10 kwa mizunguko mitatu. Hili ndilo la mguu dhaifu. Na kuutelezesha mshipa wa fahamu: amelala chali, paja limesimama wima akilishika kwa mikono miwili nyuma ya goti, ananyoosha goti mpaka ahisi mvuto, anarudisha papo hapo, mara 10, mara mbili kwa siku. Watu wengi hukosea hapa. Huvuta na kushikilia kama wanavyonyoosha misuli. Mshipa uliotoka kwenye mbano haupendi kuvutwa ukashikiliwa. Unataka kuteleza ndani ya njia yake. Ukishikiliwa, mguu utachoma jioni nzima.

Kanuni aliyopewa na mtaalamu wa mazoezi ilikuwa rahisi kukumbuka. Maumivu yakibaki kiunoni na kupungua asubuhi, endelea. Yakishuka mguuni na kukaa zaidi ya saa moja, kesho punguza nusu.

Sala

Hili liliulizwa kabla ya jambo jingine lolote, na jibu lilihitaji kuwa wazi. Kidonda kiko mgongoni, si mahali pa udhu, kwa hiyo udhu haukukigusa. Shida ilikuwa kuosha miguu: akiinama amevunja masharti, akiunyanyua mguu hadi kwenye bomba anasimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyolowa. Aliketi kwenye kigoda kirefu, mjukuu akimmiminia maji ya uvuguvugu kwa kata, kisha miguu ikakaushwa hadi kati ya vidole. Kuoga mwili mzima kulifanyika kwa bandeji isiyopenyeza maji.

Aliswali kitini, na sheria inamruhusu asiyeweza kusimama kuswali ameketi. Rukuu na sijida zilikuwa kwa kuinamisha kichwa na mabega kidogo, mgongo ukinyooka. Wiki ya 12 alianza rukuu ya kusimama, viganja magotini, akikunja nyonga badala ya kiuno. Sijida ya chini alirudi mwezi wa tano, akishuka kwa goti la kulia na kupanda kwa kuegemea kiti.

Patasi na ubao

Kwa fundi huyu kurudi kazini kulikuwa na mtego wake. Mkao wake wa zamani, wa kukaa chini na kuinama, ndio uliompa raha miaka minne. Mwili uliukumbuka kama dawa. Baada ya upasuaji mkao huo hubana diski na kuvuta kovu changa, na kila alipochoka alijikuta anautafuta. Suluhisho lilikuwa meza. Wanawe walitengeneza benchi yenye kimo cha sentimita 98, sawa na kiwiko chake akisimama, na juu yake fremu iliyoinamishwa ya kuegemeza ubao ili asogeze kazi machoni badala ya kupeleka macho kwenye kazi. Kiti kirefu kiliwekwa kando. Mguu mmoja huwekwa juu ya kipande cha mbao cha sentimita 15, kwa zamu.

Alianza wiki ya 13: dakika 20 za patasi na nyundo ya mti, dakika 10 za kutembea, mara tatu kwa siku. Kubeba kulikatazwa. Ubao mkavu wa mbambakofi wa mita 2, upana sentimita 30, unene sentimita 5, unakaribia kilo 24. Yeye alikuwa na ruhusa ya kilo 5, iliyopanda hadi 10 mwezi wa sita.

Usiku wa dharura

Kisiwani kuna jambo ambalo mgonjwa wa Mombasa halifikirii: kama hali ikibadilika saa nane za usiku, kuna bahari katikati. Familia ilibandika mlangoni namba za nahodha wawili, ya hospitali na ya daktari wa upasuaji, pamoja na orodha ya mambo yasiyongoja asubuhi. Mkojo kuzuia au kutoka bila kujua. Ganzi mpya kati ya mapaja au makalioni. Mguu kuendelea kulegea. Hayo matatu yanahesabiwa kwa saa, si kwa siku. Mishipa ya kibofu ikikaa imebanwa, inaweza isirudi tena. Homa ya juu ya nyuzi 38 pamoja na kidonda chekundu au chenye usaha. Maji meupe kama ya kisima yanayotiririka kidondani, na kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala, maana yake ni uvujaji wa maji ya uti wa mgongo. Shavu moja la mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla.

Orodha hiyo haikutumika ila mara moja, siku ya kizingiti.

Mwezi wa tisa

Kipimo kilichowatuliza jamaa kuliko maneno yote kilikuwa kalamu. Kila baada ya wiki mbili mwanawe alipitisha pamba kutoka goti kushuka chini, mzee amefumba macho. Pale anaposema "sasa siisikii vizuri," mstari ulichorwa kwa kalamu na picha kupigwa kwa simu. Mwezi wa pili mstari ulikuwa katikati ya goti na kifundo. Mwezi wa tano ulikuwa kwenye kifundo. Kwa wiki sita nzima haukusogea hata kidogo, kisha ukasogea tena.

Sasa anatembea dakika 40 bila kupumzika. Nguvu ya kunyanyua mguu ni 4: kidole cha mtu mmoja hakimshushi, kiganja kizima kinamshusha. Splinti anaivaa akienda mbali, au jioni akichoka. Mstari wa mwisho unapita juu ya vidole viwili vya kwanza, na ngozi ya kidole gumba bado haijui baridi wala moto. Kovu la chumvi lipo, jeupe, upana wa ukucha. Kioo kidogo kimebaki chini ya kitanda, na kila usiku kabla ya kupanda kitandani anakiangalia.